MAJI YA UA YANAPIMWA, YA MTOTO JE?

Ndugu Wafanya Kazi,

Mwezi uliopita wajumbe wa tawi letu walikwenda mbele ya tajiri kuzungumza juu ya mapatano mapya. Mambo ya mshahara yalisikizwa, ya nyumba yalisikizwa, ya likizo yalisikizwa. Lakini mama mmoja wa chumba cha kufungia maua aliposimama akauliza juu ya maji ya mfereji wa kambi, meneja alicheka. Akasema, "Maji si kazi ya chama. Ninyi zungumzeni mshahara." Na jambo la aibu, ndugu zangu, ni kwamba wawili katika wajumbe wetu wenyewe walicheka pamoja naye.

Maneno haya ni jibu kwa meneja yule. Ni jibu kwa wale wawili vile vile.

Sitaji jina la shamba wala la mji. Si kwa woga. Ni kwa sababu shauri hili si la shamba moja. Ukitoka Naivasha ukaenda Gilgil, ukapita Elementaita mpaka Nakuru, na kwingine kote katika Bonde la Ufa ambako watu hunywa maji ya visima virefu, utakuta kilio ni kimoja. Kila msomaji na aweke jina la mji wake.

MAMBO NILIYOYAONA KWA MACHO YANGU

Mimi ni mtu wa pampu. Kazi yangu miaka yote ni kuyatoa maji kisimani na kuyapeleka panapotakiwa. Najua bomba lipi laenda wapi, na najua lipi halina kitu. Basi nisikilizeni.

Maji yanayokwenda kwenye waridi hupimwa kila asubuhi. Hupimwa chumvi yake, hupimwa ukali wake, namba huandikwa kitabuni. Namba ikipanda kidogo tu, simu hulia hata usiku, na mtu wa pampu huamshwa. Maji ya kisima yakionekana hayafai maua, huchujwa kwa mashine, au huchanganywa na maji ya mvua yaliyokusanywa juu ya paa za nyumba za plastiki. Hakuna anayesema, "Ua hili limezoea." Hakuna anayesema, "Maua ya zamani yalikunywa maji haya haya na hayakufa."

Na maji ya kambi? Hutoka katika kisima hicho hicho. Hupita kando ya mashine ya kuchuja bila kuingia ndani, yakaenda moja kwa moja mpaka tangi la kambi, na kutoka pale mpaka sufuria ya mama watoto. Miaka yote niliyokaa pampuni sijaona mtu amekuja na chupa kuyapima yale.

Na ofisini je? Ofisini kuna chupa kubwa ya maji ya kununuliwa, yenye mifereji miwili, ya moto na ya baridi. Meneja aliyecheka hanywi maji ya kambi. Kama maji yale ni mazuri, kwa nini yeye hayanywi? Na kama si mazuri, kwa nini sisi tunayanywa?

ADUI ASIYEONEKANA

Wengi wetu tukiyaona maji meupe kwenye gilasi twasema ni safi. Ndugu, macho si kipimo. Adui ninayemsema anaitwa floraidi. Hana rangi, hana harufu, hana ladha. Waweza kumnywa miaka arobaini usimjue.

Floraidi ni madini yaliyomo ndani ya mawe ya volkano. Nchi yetu ya Bonde imejengwa na moto wa chini ya ardhi: Longonot, Eburru, Menengai, yote ni milima ya volkano. Mvua hunyesha, maji huzama, nayo hukaa muda mrefu kati ya mawe yale, mara nyingine yakiwa na moto, yakiyeyusha floraidi kidogo kidogo. Kama maji yangekuwa na chokaa nyingi, chokaa ingeishika floraidi ikabaki chini. Lakini maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hivyo floraidi hupanda nayo mpaka kikombeni.

Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1984: isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kenya nayo imeshika kipimo hicho. Floraidi kidogo husaidia meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya kupigia mswaki. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa meupe, kisha ya manjano, kisha ya kahawia, na yaliyoharibika sana humomonyoka. Maji yakiwa na miligramu 3 mpaka 6, na mtu akayanywa miaka mingi, floraidi yaweza kumwingia mifupani: viungo hukaza, mgongo huuma. Yakizidi 10, mtu aweza kulemaa.

Sasa fanyeni hesabu ya mtu wa kazi. Tuseme kisima kina miligramu 5 katika lita. Karani anayekaa kivulini akinywa lita 2 kwa siku amekunywa miligramu 10. Lakini wewe uliye ndani ya nyumba ya plastiki, ambako jasho hutiririka kabla ya saa nne asubuhi, wanywa lita 4. Umekunywa miligramu 20. Kipimo ni kimoja, kisima ni kimoja, lakini aliyekunywa zaidi ni yule anayefanya kazi ngumu zaidi mahali penye joto zaidi. Shirika la Afya Duniani lenyewe husema kwamba nchi ikiweka kipimo chake lazima iangalie joto la mahali na wingi wa maji wanayokunywa watu. Basi aambiwe meneja: maji ni shauri la kazi. Jasho ndilo linalotunywesha.

Ni wangapi kati yetu waliokwenda kwa daktari kwa maumivu ya mgongo wakaambiwa ni kuinama kwingi? Labda ni kuinama kweli. Lakini ni nani aliyewauliza, "Unakunywa maji ya wapi?"

MTOTO NDIYE ANAYELIPA

Nitasema jambo la nyumbani kwangu. Binti yangu wa mwisho alizaliwa kambini. Ni mtoto mwerevu, na zamani alikuwa na kicheko kikubwa. Meno ya utoto yalipong'oka, yakaota ya pili, yakatoka na madoa ya kahawia. Siku hizi akicheka huweka mkono mdomoni. Siku ya picha ya shule alifunga midomo kama mtu aliyekasirika. Mwalimu akamwambia, "Tabasamu." Hakutabasamu.

Kuna watu waliomwambia mke wangu ati hampigi mtoto mswaki. Huo ni uongo, tena ni matusi. Doa la floraidi halitoki kwa mswaki wala kwa mkaa wala kwa chumvi, maana halikushika juu ya jino. Liliingia jino likiwa bado linafanyika ndani ya ufizi. Jino hujengwa mtoto akiwa mdogo, kabla ya kutimiza kama miaka 8. Maji anayokunywa wakati ule ndiyo yanayoandikwa. Mtu mzima akihamia hapa meno yake hayabadiliki rangi. Kwa hivyo meno ya watoto wetu ni hati. Yanasema walizaliwa wapi, na yanasema pia kwamba hapakuwa na mtu aliyeyapima maji yao.

Tena kuna jambo ambalo kina mama walisikie vizuri. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Mungu amemwekea mtoto chujio. Lakini sheria humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Ikiisha, mama hurudi kwenye maua, na mtoto huachwa na yaya akipewa maziwa ya unga na uji uliopikwa kwa maji ya mfereji. Chujio la Mungu limekatwa na kengele ya kazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha. Ulizeni katika shamba lenu: mahali hapo pako wapi? Mkiambiwa hapapo, jueni kwamba shauri la maji na shauri la kunyonyesha ni shauri moja.

"TUMEYANYWA TANGU ZAMANI"

Sasa nawajibu wale wajumbe wawili waliocheka, na wengine wenye mawazo kama yao.

Mmoja husema, "Sisi tunachemsha." Ndugu yangu, kuchemsha ni vizuri, endelea kuchemsha, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu. Haifi kwa moto. Ukichemsha muda mrefu maji hupungua, nayo floraidi hubaki, kwa hivyo lita iliyobaki ina nyingi kuliko ile ya kwanza. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Wa pili husema, "Tumeyanywa tangu zamani na tupo." Kweli tupo. Hata mtu aliyevunjika mguu yupo. Swali si kama tupo, swali ni tupo vipi. Tena jambo hili halikujulikana jana. Mwaka 1953 daktari aitwaye Williamson aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki juu ya ugonjwa huu wa meno katika Kenya. Mwaka 1984 wataalamu walichapisha matokeo ya visima zaidi ya 1,000 vya nchi nzima: katika kila visima 100, visima 61 vilizidi miligramu 1 kwa lita, karibu 20 vilizidi miligramu 5, na 12 vilizidi miligramu 8. Katika nchi za volkano vilikuwako visima vilivyofika 30 mpaka 50. Basi wakubwa walijua tangu zamani, kabla ya mimi kuzaliwa. Wanaosema "tangu zamani" wanatusaidia sisi, si wao, maana neno hilo ndilo mashtaka yenyewe.

Wa tatu husema, "Hii ni kazi ya Mungu, mawe ni yake." Ni kweli, mawe ni ya Mungu. Lakini bomba halikuwekwa na Mungu. Mungu hakusema mashine ya kuchuja iwe ya ua, na mtoto apitishwe kando. Hilo lilikatwa na mtu mwenye kalamu, akiwa ameketi kitini.

Wa nne husema, "Chama ni cha mshahara." Haya, tuzungumze mshahara. Mwenye watoto wadogo katika mji huu hununua maji ya kunywa na kupikia. Tuseme nyumba ya watu watano hutumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, na tuseme mtungi ni shilingi 20. Kwa mwezi ni shilingi 600. Kwa mwaka ni shilingi 7,200. Zimetoka wapi? Zimetoka mshaharani. Tukipigania nyongeza ya shilingi 600 tutapiga makofi na kuimba. Lakini shilingi 600 zikikatwa kimya kimya na mfereji mbaya, hakuna anayegutuka. Mjumbe asiyejua kwamba maji ni mshahara hajui hesabu.

Na huyo mwuza maji naye asituone wajinga. Ameandika "maji safi" kwa rangi ya buluu juu ya kibanda, nasi twaamini rangi. Je, mashine yake inaondoa floraidi, au inaondoa takataka tu? Karatasi yake ya kipimo iko wapi, na ya mwezi gani? Kuna vibanda vya kweli, sikatai. Lakini kununua bila kuuliza ni kulipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

CHUMA NA MTU

Mtu asidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Sikizeni habari ya mji wa Flint, katika Marekani, mji wa wafanya kazi wa magari.

Mwezi wa Aprili mwaka 2014, ili kupunguza gharama, wakubwa waliubadilisha mji ule, wakaacha maji ya zamani yaliyotoka Detroit, wakafungua maji ya mto Flint. Maji yale yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuyalinda mabomba haikutiwa. Risasi iliyokuwa katika mabomba ya zamani ikaanza kuyeyuka na kuingia majumbani. Watu walilalamika: maji yana rangi, yana harufu, watoto wana vipele. Wakaambiwa, maji ni salama.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 2014, kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji yale. Kwa nini? Kwa sababu yalikuwa yakila chuma cha injini. Kiwanda kikapewa maji mengine. Lakini watu wa mji, wengi wao weusi na maskini, waliendelea kunywa maji yaliyoshindwa na chuma mpaka Oktoba 2015. Mwaka mzima!

Mwaonaje, ndugu? Huko ni chuma, huku ni ua. Kuna maua, kama gerbera na freesia, ambayo floraidi ikiwa katika maji ya ndoo huyaunguza majani na kuyafupishia maisha. Mwenye maua analijua hilo, maana mnunuzi wa Ulaya hakubali ua lililoungua. Injini ina mwenyewe, na ua lina mwenyewe, na mwenyewe akilalamika anasikilizwa. Mtoto wa mfanya kazi naye ana mwenyewe. Mwenyewe ni sisi. Basi mbona hatulalamiki kwa sauti moja?

Na jambo la kutia moyo: mwanzo wa mwaka 2016, mamia ya mafundi wa mabomba wa chama cha wafanya kazi walikwenda Flint kwa siku moja, bila malipo, wakaingia nyumba kwa nyumba wakiweka mifereji mipya na vichujio. Hawakusema maji si kazi ya chama.

OFISI YA MAJI

Nimesema juu ya tajiri. Nisiiache ofisi ya maji, kwa kuwa wengi wetu hatukai kambini, twakaa mjini katika nyumba za kupanga.

Nilikwenda dirishani mwenyewe. Nikasema, "Nataka kujua maji ya mtaa wetu yana floraidi kiasi gani." Kijana aliyekuwa pale hakuwa na ubaya; aliingia ndani, akarudi, akasema, "Yamepimwa. Ni salama." Nikauliza, "Namba ni ngapi?" Akasema, "Namba ni za ofisi." Nikarudi nyumbani.

Namba ni za ofisi! Bili ni yangu, mfereji ni wangu, tumbo ni langu, jino ni la mtoto wangu, lakini namba ni za ofisi. Neno "salama" bila namba ni kama hati ya mshahara iliyoandikwa "unalipwa vizuri" bila kuandikwa shilingi. Nani kati yetu angeipokea?

Tena maji ya mgao yana hatari nyingine. Bomba likijaa maji yenye nguvu, hata likiwa na ufa, maji hutoka nje. Lakini likifungwa siku tatu, bomba huwa tupu, na utupu huvuta. Kama ufa uko kando ya mtaro wa choo, maji ya choo huvutwa ndani, na siku mgao ukirudi yale ya kwanza ndiyo yanayokuja kwako. Ndiyo maana ni vizuri kuyamwaga ya kwanza, au kufulia, wala usiyatie katika mtungi wa kunywa. Ofisi inayofunga maji kila wiki na kusema ni salama inasema juu ya maji ya kwao kwenye tangi, haisemi juu ya maji ya kwetu kwenye mfereji. Wapime mferejini.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wengine hudhani twaomba sadaka. Hatuombi. Someni:

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Haikusema kila mtu isipokuwa mkata maua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji mazuri ya kutosha kwa wafanya kazi mahali pa kazi, na karibu na nyumba kama yeye ndiye aliyewapa nyumba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 91, nayo yataka maji mazuri ya kunywa mahali panapofikika kwa urahisi. Basi meneja aliposema maji si kazi ya chama, alikuwa akisema sheria ya kazi si kazi ya chama. Kazi ya chama basi ni gani, kucheza ngoma siku ya Mei Mosi?

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia ruhusa ya kuomba habari zilizo katika ofisi za umma, na ofisi hutakiwa kujibu katika siku 21. Kwa hivyo namba si za ofisi. Tukienda dirishani mmoja mmoja, tutaambiwa ni salama. Tukipeleka barua yenye muhuri wa chama na tarehe, siku zitaanza kuhesabiwa.

Na huduma ya maji ni kazi ya serikali ya kaunti, iko katika Katiba. Waliokuja kwetu kuomba kura walikunywa soda. Wakirudi tuwape maji ya mfereji, gilasi iliyojaa, tuone.

DAWA IPO

Asitokee mtu akasema haiwezekani. Inawezekana, tena kwa njia nyingi.

Mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri katika tanuru mpaka ikawa mkaa, mkaa ule hunasa floraidi. Jambo hili limefanywa hapa hapa kwetu: Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa katika miaka ya mwisho ya 1990, vya nyumba moja na vya mtaa. Kuna njia ya shabu na chokaa, iliyopata jina lake mahali paitwapo Nalgonda, katika Bara Hindi. Kuna mashine za kuyasukuma maji kwa nguvu kupita katika ngozi nyembamba, kama zile za maua. Kuna kuchanganya maji ya kisima na maji mengine yasiyo na floraidi. Na kuna mvua, ambayo karibu haina floraidi kabisa, nayo hukusanywa juu ya paa za maua na kupotea juu ya paa za kambi.

Lakini angalieni: mkaa wa mifupa huchoka. Ukijaa haunasi tena, na maji hupita yakiwa na floraidi ile ile, nasi twadhani tumelindwa. Kichujio kisichopimwa ni tangi tu. Kwa hivyo tusikubali kupewa chombo siku ya sherehe, ikapigwa picha, kisha kikaachwa. Twataka chombo, na mtu wa kukitunza, na kipimo kila mwezi. Wala mtu asichome mifupa jikoni kwake. Isipochomwa sawasawa, maji hunuka na hayanyweki.

MADAI YETU

Nawaomba wanachama wayapitishe haya katika mkutano ujao wa tawi, yaingie katika mapatano:

1. Maji ya kila mfereji wa kunywa, shambani na kambini, yapimwe floraidi na vijidudu na mtu asiyelipwa na meneja peke yake, na mjumbe wa chama awepo chupa ikijazwa.

2. Namba zibandikwe ukutani karibu na mfereji, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe. Namba, si neno "salama".

3. Mahali palipozidi miligramu 1.5, tajiri alete maji mengine ya kunywa mara moja, bure, mpaka kichujio kiwekwe.

4. Bomba la kambi lipite katika mashine, au kambi ipewe mashine yake. Na paa za kambi ziwekwe mifereji na matangi ya mvua.

5. Mahali pa kunyonyesha pafunguliwe kama sheria inavyosema.

6. Tawi lipeleke barua kwa ofisi ya maji ya mji kuomba namba za mitaa yote wanamokaa wanachama, na jibu lichapishwe katika gazeti hili hili. Jibu lisipokuja kwa siku 21, tuchapishe hivyo hivyo kwamba halikuja.

Na sisi wenyewe, tusingoje tukiwa tumekunja mikono. Mwenye maji kidogo ya mvua au ya kuchujwa ayaweke kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8, kwa kunywa na kwa uji. Watu wazima tuoge na kufua kwa yale ya mfereji. Tusitie magadi katika maharagwe na githeri, maana magadi ya maziwa yetu yana floraidi yake. Majani ya chai pia yanayo, kwa hivyo mtoto mdogo asipewe chai ya rangi nzito. Haya hayatoshi, wala hayamwondolei tajiri deni lake. Ni kama kuziba paa kwa gunia wakati fundi anatafutwa.

Wale wajumbe wawili waliocheka nawaheshimu, walipata taabu kwa ajili ya chama kabla yangu. Siwaombi waombe radhi. Nawaomba jambo moja: siku ya mazungumzo waende na chupa ya maji ya kambi, waiweke mezani mbele ya meneja, wafungue kifuniko, wamkaribishe. Akinywa, tutazungumza mshahara peke yake. Asipokunywa, amekwisha kujibu swali la yule mama.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usifungie mandazi. Mpe mwenzako.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Pampu, mwana chama